Mpira wa Mafuta Usidharauliwe

Msafiri atokaye mjini Moshi kwenda Himo hupita Kiboriloni, mahali ambapo jina lake limeenea kwa sababu ya soko la mitumba. Katika soko hilo mnunuzi hafanyi pupa. Huligeuza shati ndani nje, akavuta mshono, akahesabu vifungo, akaliinua kwenye mwanga wa jua kutazama kama limetoboka, ndipo akataja bei yake. Hakuna amwonaye kuwa msumbufu, kwani kila mmoja anajua kwamba fedha ile imetolewa jasho.

Hapo hapo Kiboriloni husimama pikipiki za abiria zipandazo Old Moshi kwa barabara ya Kidia na Tsuduni. Dereva yule yule aliyelikagua shati kwa makini namna hiyo, ukifika wakati wa kununua mpira wa kupitishia petroli kutoka kwenye tangi hadi kwenye kabureta, huuchukua bila hata kuukunja. Huonyeshwa, hulipa, hukatiwa kipande, akaenda zake. Juu ya jambo hilo ndipo tunapotaka kusema leo.

Huenda msomaji wetu wa Unguja au Pemba akauliza: ya Kiboriloni yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Pikipiki zinazopanda mlima ule hazina tofauti kubwa na hizi zinazokatiza mitaa yetu, na vipuri vyake huuzwa kwa mtindo mmoja, vikining'inizwa dukani bila maelezo. Aidha, petroli haijui mlima wala kisiwa. Hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi kali, na mvuke huo, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi ukakutana na cheche. Taifa zima lilishuhudia nguvu yake tarehe 10 Agosti, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipopinduka, na moto uliofuata ukaua watu zaidi ya 100.

Petroli hiyo hiyo, ndani ya pikipiki, hupita umbali wa vidole vichache kutoka kwenye silinda yenye moto. Huko mlimani pikipiki hupanda kwa gia ndogo, ikiwa na abiria na pengine mkungu wa ndizi, na kwa kuwa injini za namna hii hupozwa na upepo, mwendo wa polepole huzidisha joto. Huku visiwani kilima kama kile hatuna, lakini tuna jua kali na hewa ya chumvi ilayo vibano vya chuma vinavyoushika mpira. Pande zote mbili mpira huchakaa mapema, na pande zote mbili hubadilishwa na kilicho karibu.

Kilicho karibu mara nyingi ni mrija wa plastiki ung'aao, wa kupitishia maji. Madereva wanaupenda kwa sababu mbili: ni wa bei ndogo, na mtu huyaona mafuta yakipita. Sababu hizo hatuzidharau. Lakini plastiki ya namna hiyo hulainishwa kiwandani kwa dawa ambazo petroli huzinyonya kidogo kidogo. Baada ya muda mrija hugeuka manjano, hukakamaa, hunywea, kisha hupasuka au huchomoka wenyewe. Mpira wa asili nao haufai, kwa kuwa petroli huuvimbisha na kuulegeza. Mpira unaofaa ni ule uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta, aghalabu wa aina iitwayo nitrili, iliyobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930, yenye kuhimili petroli bila kuvimba sana.

Mnunuzi ataujuaje? Kwanza, autafute mwandiko ubavuni mwake. Mpira ulio bora huandikwa kwamba ni wa mafuta, pamoja na kipimo chake na alama ya kiwango, kama vile SAE J30 au ISO 19013. Pili, autazame mahali ulipokatwa. Mipira mingi iliyo imara huwa na nyuzi zilizosukwa katikati ya tabaka mbili. Tatu, aukunje, ukionyesha nyufa, umezeeka dukani. Nne, aende na kipande cha zamani apime tundu la ndani, ambalo katika pikipiki nyingi ndogo huwa milimita 5 au 6. Mpira uliolegea haukazwi kwa waya ukawa salama. Na wenye pikipiki za kisasa zisizo na kabureta, ambazo pampu yake husukuma petroli kwa nguvu, wasikubali mpira wa kawaida hata kidogo. Hizo zina mpira wake wa shinikizo kubwa na vibano vyake maalumu.

Kazi ya kubadilisha nayo ina adabu zake. Injini ipoe, koki ifungwe, sigara iwe mbali. Mpira mpya uwe na urefu wa kutosha bila kujikunja, usiguse silinda wala ekzosi, na vibano viwe vipya. Baada ya hapo koki ifunguliwe, pikipiki iachwe imesimama kwa dakika chache, na fundi apitishe kidole kila kiungo kabla ya kupokea ujira wake.

Yapo maneno yanayopendwa sana vijiweni kwamba ajali haina kinga. Ajali hii kinga inayo, tena inauzwa. Kinachokosekana ni mwenye kuibeba dhamana. Dereva wengi si wenye mali. Kila jioni wanatakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri, naye tajiri huona kipuri kidogo kuwa ni shauri la dereva. Hivyo mpira ule unakuwa si wa mtu yeyote, hadi siku utakapovuja. Ni maoni yetu kwamba mwenye pikipiki ndiye anayepasa kuugharimia, na kwamba hesabu ya siku moja haiwezi kulinganishwa na mguu wa kijana ulioungua wala na abiria aliyekuwa amempakata mtoto.

Kwa upande wa Serikali, vyombo vya kazi hii tunavyo. Shirika la Viwango Tanzania lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, na Taasisi ya Viwango Zanzibar kwa sheria ya mwaka 2011. Tunawaomba wakuu wa vyombo hivyo watazame pia vile vinavyoning'inia kwa mita katika maduka ya vipuri, wahakikishe kwamba mpira usioandikwa hauuzwi kuwa ni wa petroli. Askari wa usalama barabarani, wanapotazama leseni na kofia ngumu, wainame kidogo watazame chini ya tangi. Hatuombi faini mpya. Kijana aliyeonywa leo na kupewa siku chache za kurekebisha atashukuru zaidi kuliko yule aliyetozwa, akarudi barabarani na mrija ule ule.

Na kwa madereva wenyewe, wa Kiboriloni na wa kwetu, neno letu ni fupi. Ule ukaguzi mnaoufanya katika shati la mtumba, ufanyeni pia katika mpira wa mafuta. Shati likiwa na kasoro, hasara yake ni ya mwenye kulivaa. Mpira ukiwa na kasoro, hasara yake humfika na aliyeketi nyuma, ambaye hakuuchagua.