Je, Wajua? Kiziwi na Haki ya Ajira

Je, wajua kwamba tangu mwaka 1982, zamani kabla ya mgodi mkubwa wa dhahabu wa Bulyanhulu kuanza uzalishaji jirani na Ushetu, mkoani Shinyanga, mwaka 2001, sheria ya Tanzania ilikwisha kumlazimu mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi awatengee watu wenye ulemavu, viziwi wakiwamo, asilimia 2 ya ajira? Sheria ya mwaka 2010, iliyotungwa baada ya Serikali kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, iliupanua wajibu huo: ukamfikia mwajiri wa watu 20, na kiwango kikawa asilimia 3, hivyo kampuni ya wafanyakazi 200 haina budi kuajiri 6.

Lakini ajira hutanguliwa na elimu, na shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora, kusini mwa Ushetu, na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Hata akishasoma, kinachoweza kumzuilia kiziwi riziki ya mgodini ni king'ora cha hatari kisichoambatana na taa, na kikao cha usalama kisicho na mkalimani wa lugha ya alama, kasoro ambazo mwajiri mwenye nia aweza kuziondoa.