Mfupa Unapofia Begani

Katika barabara ya Namanga, kati ya Kitengela na Kajiado mjini, aliyeanguka na bodaboda akavunjika bega hufungwa mkono, hupewa dawa za maumivu, na baada ya wiki kadhaa hujiona mzima. Mara nyingi huwa mzima kweli. Ila wapo ambao bega huanza kuwauma upya, hasa usiku, wakati ajali yenyewe imeshasahaulika.

Kichwa cha mfupa wa mkono hulishwa na mishipa midogo ya damu inayopita shingoni mwa mfupa huo. Shingo ikivunjika, mishipa nayo yaweza kukatika, na mfupa uliokosa damu hufa bila homa wala uvimbe. Selimundu huweza kuleta mkasa huohuo, pombe nyingi pia, na steroidi kama prednisoloni zikitumiwa kwa dozi kubwa. Hizi ndizo zinazonitia wasiwasi: anayezinunua bila cheti cha daktari hana wa kumhesabia dozi. (Aliyeandikiwa na daktari asiziache ghafla; hilo nalo ni hatari.)

Mwanzoni eksirei haionyeshi kitu. Kipimo cha MRI huona mapema, kabla mfupa haujabonyea chini ya gegedu.

Ukishabonyea, upasuaji huingia. Mwaka 1893, jijini Paris, Jules-Émile Péan alimwekea mgonjwa wa kifua kikuu cha mifupa bega bandia. Maambukizi yalilazimisha litolewe. Miaka ya 1950 Charles Neer wa New York alikata kichwa chote na kuweka cha chuma chenye shina refu. Stephen Copeland wa Reading, Uingereza, alikuja na wazo la kiasi zaidi mwaka 1986: kichwa hakikatwi, huchongwa juujuu kisha huvikwa kofia ya chuma yenye kijiti kifupi. Kofia ikilegea miaka ya mbele, mfupa wa kufanyia kazi bado upo.

Lakini kofia huhitaji kichwa. Copeland alitaka walau asilimia 60 ya mfupa uliochongwa igusane na chuma. Sehemu iliyokufa ikizidi, kofia haina pa kushika, na hapo hurudiwa njia ya kukata. Kwa hiyo anayemeza dawa za maumivu mwaka mzima kabla ya kupimwa huenda akawa anaipoteza nafasi hiyo. Akifika kliniki, ataje mvunjiko wa zamani na kila dawa aliyowahi kutumia, hata ile ya dukani.