Lugha ya Bandarini Iliyojenga Indonesia

Mtu wa Unguja akifika Indonesia atakuta maneno ya kwao yamemtangulia. Bendera huko ni bendera, dunia ni dunia. Sabuni ni sabun, karatasi ni kertas, meza ni meja, habari ni kabar. Kanisa wanaliita gereja, neno lile lile la Kireno ambalo kwetu liligeuka kuwa gereza. Waarabu na Wareno walitembea pwani zote hizi na kuacha maneno yao. Hata karafuu, tunayoihesabu kuwa yetu, asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki mwa nchi hiyo. Wafaransa waliitorosha miche yake hadi Mauritius mwaka 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Zanzibar.

Nchi yenyewe ni kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Ina visiwa zaidi ya 17,000, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu milioni 270. Ni India, China na Marekani tu zinazoizidi kwa watu. Karibu watu 87 katika kila 100 ni Waislamu, lakini Bali ina Wahindu wengi, na Flores imejaa Wakatoliki. Lugha zinapita 700. Swali linalonivuta kila ninapoisoma historia yake ni hili: watu hawa walikubalianaje kuwa taifa moja?

Utawala wa Waholanzi uliwakusanya chini ya bwana mmoja, kwa ukatili. Kampuni yao ya biashara iliundwa mwaka 1602 kwa ajili ya viungo. Mwaka 1621 gavana wake, Jan Pieterszoon Coen, alivivamia visiwa vya Banda, ambavyo peke yake duniani ndivyo vilivyokuwa vikitoa kungumanga. Wenyeji waliuawa, wakafa njaa au wakapelekwa utumwani, na mashamba yakalimwa na watumwa walioletwa kutoka kwingine. Lakini kuonewa pamoja hakutoshi kuwafanya watu kuwa ndugu.

Jambo la kuwaunganisha lilifanyika Batavia, ndiyo Jakarta ya leo, tarehe 28 Oktoba 1928. Vijana kutoka vyama vya visiwa mbalimbali walikutana na kula kiapo: nchi yao ni moja, taifa lao ni moja, na wataienzi lugha ya umoja, nayo ni Kiindonesia. Lugha hiyo ilikuwa Kimalei kilichopewa jina jipya. Hesabu ya watu ingefuatwa, Kijava ndicho kingeshinda, maana Wajava walikuwa wengi kuliko kabila lolote, na Kijava kina maandishi ya karne nyingi. Kimalei kilikuwa lugha ya mama ya wachache tu, hasa wa sehemu za Sumatra na visiwa vya Riau. Ila kilikuwa lugha ya bandarini: nahodha, mchuuzi na mwalimu wa dini walielewana nacho kutoka Aceh hadi Maluku.

Kulikuwa na sababu nyingine, ambayo mtu asiyekijua Kijava huweza kuipita. Katika Kijava huwezi kusema tu kwamba fulani anakula. Mtoto au rafiki yako mangan. Mtu wa kuheshimiwa dhahar. Kila sentensi inakudai kwanza uamue nani mkubwa na nani mdogo. Vijana waliotaka nchi ya raia walio sawa walihitaji lugha isiyouliza swali hilo. Kwa maoni yangu, kukubali kwa Wajava kuiweka kando lugha yao ndiyo zawadi kubwa kuliko zote ambazo kabila lolote limelipa taifa hilo. Na kiapo hakikuzifuta lugha nyingine; Kijava bado ndicho kinachosemwa majumbani na mamilioni.

Wajapani walipoiteka nchi mwaka 1942 walipiga marufuku Kiholanzi, na Kiindonesia kikaingia maofisini na shuleni. Viongozi wa harakati za uhuru, Sukarno na Hatta, walitangaza uhuru tarehe 17 Agosti 1945. Jioni hiyo Hatta akaletewa ujumbe kwamba Wakristo wa mashariki hawatajiunga ikiwa dibaji ya katiba itawataja Waislamu na wajibu wao wa kufuata sharia. Kesho yake akakaa na viongozi wa Kiislamu, wakakubali maneno saba yaondolewe. Wajava walikuwa wameacha lugha. Sasa Waislamu, walio wengi, waliacha sentensi.

Umoja huo umetumiwa vibaya pia, na ni lazima tuliseme hilo. Mwaka 1965 na 1966 jeshi na makundi yaliyoliunga mkono waliua watu wasiopungua nusu milioni, kwa kuwa wakomunisti au kwa kushukiwa tu. Jenerali Suharto, aliyeshika madaraka baada ya hapo, alitawala hadi Mei 1998. Kwa miaka zaidi ya thelathini raia wa asili ya Kichina walizuiwa kuonyesha mila zao hadharani, na shule zao zilifungwa. Timor ya Mashariki, iliyovamiwa mwaka 1975, ilipiga kura ya kujitoa mwaka 1999. Papua haijatulia mpaka leo.

Miongoni mwa waliofungwa chini ya utawala wa Suharto alikuwa mwandishi Pramoedya Ananta Toer, Mjava kutoka Blora. Alipelekwa kisiwa cha Buru, huko huko Maluku. Kwa muda mrefu alinyimwa karatasi, kwa hiyo aliwasimulia wafungwa wenzake riwaya yake kwa mdomo, nao wakaibeba vichwani. Aliachiwa mwaka 1979. Mwaka uliofuata riwaya hiyo, Bumi Manusia, ilichapishwa. Mwaka 1981 serikali ikaipiga marufuku. Aliiandika kwa Kiindonesia.