Soko la tiba ya mtandao liko mikononi mwa daktari wa familia

MWEKEZAJI anayevutiwa na hisa za kampuni za tiba ya mtandao hana budi kujiuliza swali moja kabla ya kutoa fedha zake: je, daktari wa familia ataitumia bidhaa hiyo, na akiitumia, nani atamlipa kwa muda wake?

Wauzaji wengi wa programu hizi hudai kuwa madaktari wanaosita ni watu wa zamani wanaoogopa kompyuta. Kumbukumbu za soko hazikubaliani na dai hilo.

Nchini Uingereza, kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 karibu kliniki zote za madaktari wa familia zilikuwa na kompyuta, baada ya serikali kusaidia kulipia gharama zake. Madaktari hao waliitangulia hata hospitali nyingi kubwa.

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2009 ilimwezesha daktari kupata hadi dola 44,000 kwa kipindi cha miaka mitano, mradi atumie ipasavyo majalada ya kompyuta badala ya karatasi. Kuanzia mwaka 2015, asiyetimiza masharti alikatwa malipo. Mwaka 2008 madaktari wapatao 4 kati ya 10 walikuwa na majalada hayo kwenye kliniki zao. Mwaka 2021 walifikia karibu 9 kati ya 10.

Hata hivyo, kununua ni jambo moja na kuridhika ni jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu madaktari wa familia 142 wa jimbo la Wisconsin ulionyesha kuwa kila mmoja alitumia karibu saa 6 kwa siku akihangaika na kompyuta, katika siku ya kazi ya saa zaidi ya 11. Karibu saa moja na nusu kati ya hizo ilikuwa baada ya kliniki kufungwa. Mashine iliyonunuliwa kuokoa muda ikageuka kuwa karani anayemtuma bosi wake.

Kwa wawekezaji, somo zito zaidi linatoka kwa kampuni ya Babylon ya London, iliyoanzishwa mwaka 2013. Mwezi Novemba 2017 kampuni hiyo ilianzisha huduma ya kumwona daktari kwa njia ya simu ndani ya mpango wa afya wa serikali ya Uingereza. Aliyejiunga alilazimika kuondoka kwenye orodha ya daktari wake wa awali.

Chama cha madaktari wa familia kilipinga. Hoja yao ilikuwa ya hesabu. Kliniki hulipwa kwa kila mtu aliyejiandikisha, awe ameugua au la. Kijana mzima ambaye haonekani kliniki mwaka mzima ndiye anayesaidia kubeba gharama za mzee mwenye kisukari na shinikizo la damu. Vijana wakihama, daktari anabaki na wagonjwa wa gharama kubwa na mfuko uliopungua. Waliojiunga na huduma hiyo kweli walikuwa vijana kwa wingi, na idadi yao ilipita 100,000.

Soko halikuisikiliza hoja hiyo. Mwezi Oktoba 2021 Babylon iliorodheshwa katika Soko la Hisa la New York kwa thamani ya dola bilioni 4.2. Huko Marekani ilichukua mikataba ya kulipwa kiasi maalumu kwa kila mtu, huku yenyewe ikibeba gharama za matibabu. Safari hii wagonjwa wa gharama walikuwa wake. Mwaka 2022 mapato yalizidi dola bilioni 1, lakini hasara nayo ilizidi dola milioni 200.

Biashara asubuhi, jioni mahesabu. Mwezi Agosti 2023 kampuni ilianguka, na shughuli zake za Uingereza zikauzwa kwa pauni 500,000 tu. Wenye hisa za kawaida hawakuambulia kitu.

Mshindo huo ulifika hadi Afrika Mashariki. Nchini Rwanda, tawi lake la Babyl lilikuwa limeandikisha zaidi ya watu milioni 2, wengi wao wakitumia simu za kawaida, na mwaka 2020 lilitia saini mkataba wa miaka 10 na serikali. Huduma hiyo ilisimama mwaka 2023, si kwa kukosa wateja bali kwa sababu kampuni mama ilikwisha.

Kwa hiyo, malalamiko ya daktari yasipuuzwe kama kelele za mtu aliyepitwa na wakati. Yeye ndiye anayejua gharama zinakojificha: saa za jioni zisizolipwa, wagonjwa wazito, na lawama pale mashine inapokosea.

Mfanyabiashara anayeombwa mtaji kwa ajili ya programu ya afya aulize mambo matatu. Je, inampunguzia daktari kazi au inamwongezea? Analipwa na nani kwa kuitumia? Na mgonjwa mwenye gharama kubwa anabaki kwenye daftari la nani? Muuzaji akijibu kwa kutaja idadi ya watu waliojiandikisha pekee, mfuko ufungwe kwanza.