Kutoka Santuri hadi Tarakilishi: Kigeuzi cha Sauti na Hatima ya Nyimbo Zetu

Utangulizi

Soko la Kenyatta jijini Nairobi, lililo karibu na Hospitali Kuu ya Kenyatta, linajulikana sana kwa nyama choma, washonaji na wasusi. Miongoni mwa vibanda vyake, hata hivyo, kimo kimoja kinachomhusu moja kwa moja mwanafunzi wa fasihi. Hicho ni Real Vinyl Guru, kibanda cha James Rugami, kinachouza santuri kuukuu. Katika miaka ya 1970 Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kuchapisha santuri, na wanamuziki wa Kenya, Tanzania na Kongo walirekodi hapa. Sehemu ya hazina hiyo ingali inapita mikononi mwa wanunuzi wa soko hili.

Siku hizi wengi wetu husikiliza muziki kutoka kwenye simu au tarakilishi, na matangazo ya biashara hutuahidi kwamba kisanduku fulani cha kugeuza sauti, pamoja na faili za kiwango cha juu, vitatufikishia wimbo kama ulivyoimbwa studioni. Makala hii inanuia kueleza vigeuzi hivyo hufanya nini. Hoja yake kuu ni kwamba ubora wa wimbo huamuliwa pale unaponaswa, wala si pale unaposikilizwa. Kwa msomi wa fasihi simulizi, jambo hili si la anasa. Ni la uhifadhi wa matini.

Sauti hugeuzwaje?

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Katika santuri, mtikisiko huo umechorwa kama mfuo mmoja mrefu unaozunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati. Sindano ipitapo mfuoni hutikisika, na mtikisiko wake hugeuzwa kuwa umeme. Tarakilishi nayo haihifadhi mawimbi, huhifadhi tarakimu. Hivyo basi panahitajika vigeuzi viwili. Cha kwanza, ambacho tutakiita kigeuzi cha kunasia, huupima umeme huo maelfu ya mara kila sekunde na kuandika kila kipimo kama nambari. Cha pili, kigeuzi cha kusikilizia, huzisoma nambari hizo na kuliunda upya wimbi la umeme, ambalo huenda kwenye amplifaya na hatimaye kwenye spika. Kila simu ichezayo muziki ina kigeuzi cha pili ndani yake. Kisanduku kinachouzwa peke yake kwa wapenzi wa muziki ni kigeuzi hicho hicho, ila kimeundwa kwa uangalifu zaidi na kuwekwa mbali na vurumai la umeme lililomo ndani ya tarakilishi.

Mwanafunzi wa ushairi ataelewa uhusiano wa vigeuzi hivi viwili akikumbuka safari ya tungo za kale. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka wa 1840. Tungo zake zilikusanywa mwishoni mwa karne ya 19 na Mwalimu Sikujua pamoja na mmishonari William Taylor, kisha William Hichens akazichapisha mwaka wa 1940. Mchapishaji angeweza kutumia karatasi bora na herufi za kupendeza, lakini ubeti ambao wakusanyaji hawakuupata hakuwa na njia ya kuurudisha. Kigeuzi cha kunasia ni mkusanyaji. Kigeuzi cha kusikilizia ni mchapishaji.

Tarakimu na maana yake

Ubora wa kunasa hutajwa kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni idadi ya sampuli kwa sekunde. Diski ya CD, iliyoingia sokoni mwaka wa 1982, hutumia sampuli 44,100. Idadi hii haikuchaguliwa kiholela. Kanuni inayohusishwa na Harry Nyquist na Claude Shannon inasema kwamba wimbi linaweza kuundwa upya kikamilifu iwapo sampuli ni zaidi ya maradufu ya masafa yake ya juu kabisa. Sikio la binadamu husikia takribani kutoka hezi 20 hadi 20,000, na nusu ya 44,100 ni 22,050. Ni kosa, basi, kudhani kwamba sauti ya tarakimu hutoka na vidato kama ngazi. Kigeuzi hulirejesha wimbi likiwa laini.

Kipimo cha pili ni biti, yaani ukubwa wa nambari inayoandikwa kwa kila sampuli. Biti 16 za CD huacha nafasi ya takribani desibeli 96 baina ya sauti kubwa kabisa na mvumo wa chini wa mfumo wenyewe. Biti 24 hutoa nafasi ya takribani desibeli 144 kinadharia. Santuri iliyo katika hali nzuri kwa kawaida haifikii hata desibeli 80.

Muziki wa kiwango cha juu ni ule unaozidi vipimo vya CD, kwa mfano biti 24 na sampuli 96,000. Wimbo wa dakika 3 kwa kiwango cha CD huchukua takribani megabaiti 32. Kwa kiwango hicho cha juu huchukua takribani 104. Kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, chini ya 3. Je, sikio hutambua tofauti? Mwaka wa 2007 Meyer na Moran walichapisha jaribio ambamo wasikilizaji hawakuweza kutofautisha kiwango cha juu na kile cha CD. Mwaka wa 2016 Joshua Reiss alijumlisha majaribio mengi na kupata kwamba wasikilizaji walipatia kwa takribani asilimia 52, yaani zaidi kidogo tu ya kubahatisha. Tofauti kubwa haiko baina ya CD na kiwango cha juu, bali baina ya hivyo viwili na faili zilizominywa mno.

Kinachopotea

Faili za MP3 hupunguzwa ukubwa kwa kutupa sehemu ambazo inakisiwa sikio halitazikosa. Zikiminywa mno, zinazoathirika upesi ni sauti za juu, na humo ndimo zilimo sehemu muhimu za vikwamizi kama s, sh na th. Kisa cha simu za kawaida za zamani kinatosha kuwa mfano: kwa kuwa zilipitisha masafa ya hezi 300 hadi 3,400 tu, s na f zilikaribiana mno kwa msikilizaji. Mwanaisimu anayetaka kusikia katika wimbo wa Mombasa tofauti ya paa la nyumba na paa wa mwituni, ambaye p yake hutamkwa kwa mpumuo, anahitaji nakala isiyochujwa. Kigeuzi cha bei ghali hakiwezi kumrudishia mpumuo uliokwisha kutupwa.

Nyumbani na wajibu wetu

Anayetaka kusikiliza vyema nyumbani na aanze na spika au visikizi vizuri, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyobadilisha sauti zaidi. Kigeuzi cha nje kinafaa hasa pale tarakilishi inapotoa mvumo au mikwaruzo ya umeme. Baada ya hapo, fedha zinazosalia zina kazi bora zaidi katika kunasa.

Anayenakili santuri kwanza aisafishe. Achague sindano inayofaa: santuri za kale za mizunguko 78 kwa dakika, kama zile ambazo Siti binti Saad alianza kurekodi huko Bombay mwaka wa 1928, zina mfuo mpana na huhitaji sindano nene zaidi. Anase kwa biti 24, si kwa sababu sikio litazihitaji, bali kwa sababu humpa nafasi ya kuepuka sauti kupasuka. Ahifadhi kwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kutupa chochote, na asiifute nakala ya awali hata baada ya kuondoa mikwaruzo. Mwisho, aandike jina la mwimbaji, mtunzi, kampuni na nambari ya santuri. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kuhusu kuuza au kusambaza nakala hizo, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 ingali inawalinda watunzi.

Hitimisho

Imebainika kwamba kigeuzi cha kusikilizia ni msomaji mwaminifu tu. Husoma kilichoandikwa, wala hakiongezi neno. Kila mara sindano inapopita, santuri huchakaa kidogo, na kwa baadhi ya nyimbo huenda santuri hiyo ndiyo nakala iliyobaki. Vyama vya Kiswahili katika vyuo vyetu vina wanachama, tarakilishi na walimu wa kutosha kuianza kazi hii sokoni Kenyatta na kwingineko. Wakati wa kunasa vyema ni sasa, mfuo ungali unasomeka.