Wimbo Una Nyumbani Kwake

Mjomba, yule anayepiga gitaa redioni alijuaje aweke vidole wapi?

Swali zuri hilo, mpwa wangu. Watu wazima wengi husikiliza wimbo miaka na miaka wasiulize. Wewe umeuliza. Sogea hapa mkekani, na wenzako wasogee. Nitawasimulia jinsi watoto wa Vihingo walivyoutafuta wimbo mmoja mpaka wakaupata, tena kwa gitaa moja kuukuu.

Vihingo iko wilayani Kisarawe, mkoa wa Pwani. Ni nchi ya mikorosho na mihogo, nchi ya Wazaramo. Huko ngoma si ngeni kwa mtoto. Mdundiko ukipita barabarani, hata anayechambua mchicha huacha akaufuata. Lakini gitaa ni mgeni kidogo. Basi darasa la saba walikuwa wanakaribia mahafali yao, na walitaka kupiga wimbo ambao kila mzazi anaujua. Wakachagua Malaika.

Walichagua vyema. Fadhili William wa Kenya aliurekodi wimbo huo miaka ya 1960. Nani aliutunga? Wapo wanaosema ni yeye mwenyewe, wapo wanaomtaja Mtanzania Adam Salim, na ubishi haujaisha. Miriam Makeba wa Afrika Kusini akauchukua, na mwaka 1965 ukatoka kwenye santuri aliyoimba na Harry Belafonte. Boney M. wakaurekodi mwaka 1981. Angélique Kidjo wa Benin naye akautoa mwaka 1991. Wimbo ni uleule, na kila mmoja aliupiga kwa namna yake. Kwa hiyo watoto wa Vihingo nao walikuwa na haki ya kuupiga kwa namna yao.

Mtoto wa kwanza akalishika gitaa, akapitisha kidole kwenye nyuzi zote. Lo! Kelele tupu.

"Nani kakosea?" wakaulizana.

Gitaa likajibu, "Hakuna aliyekosea. Nyuzi zangu ndizo hazijapatana. Sikiliza kwanza, vidole vitafuata."

Nyuzi za gitaa ni sita. Wa sita ndio mnene, uko upande wa juu, karibu na kidevu chako. Wa kwanza ndio mwembamba, uko chini. Kuanzia ule mnene, wanamuziki huziita E, A, D, G, B, na E tena. Ukiukaza uzi, sauti hupanda. Ukiulegeza, sauti hushuka.

Kwa nini ukikazwa hupanda, mjomba?

Kwa sababu uzi uliokazwa hutetemeka haraka zaidi. Uzi wa tano, ule wa A, ukiwa sawasawa hutetemeka mara 110 kwa sekunde moja. Jicho haliwezi kuhesabu, lakini sikio linajua. Sasa ubane uzi huohuo kwenye freti ya 12. Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo ya gitaa. Hapo umeubakizia uzi nusu ya urefu wake, nao unatetemeka mara 220. Utasikia A ileile, ila imepanda juu. Jaribu mwenyewe, usiniamini mimi tu.

Uzi mnene ukasema, "Nibane freti ya 5. Sauti utakayoisikia ndiyo ya jirani yangu akipigwa wazi."

Wakabana, wakalinganisha, wakaukaza uzi wa tano mpaka ukafanana.

"Na mimi nibane freti ya 5," ukasema uzi wa tano.

"Na mimi nibane freti ya 5," ukasema uzi wa nne.

"Mimi nibane freti ya 4," ukasema uzi wa tatu.

"Mimi freti ya 5 tena," ukasema uzi wa pili.

Mjomba, mbona wa tatu kajitenga?

Umesikia! Mtoto anayesikia hilo atapiga gitaa. Kutoka sauti moja ya jirani hadi nyingine kuna hatua tano ndogo ndogo, na kila freti ni hatua moja. Lakini kutoka G hadi B hatua ni nne tu. Mpangilio huo unavisaidia vidole vinne vya mkono wa kushoto kuzifikia sauti nyingi bila kujikunja sana. Na ule mnene wenyewe, wa kuanzia, unaupima kwa kinanda au kwa programu ya simu.

Kuna siri moja nataka muishike. Nyuzi mbili zikikaribia kufanana, hazinyamazi zikatulia. Zinayumba pamoja: wa, wa, wa, wa. Kaza kidogo: waaa, waaa, waaa. Kaza kidogo tena, kuyumba kunapungua, kunapungua, mwisho kunaisha. Hapo zimepatana. Simu itakuonyesha mshale, na si vibaya kuutazama. Ila mimi ningependa usikie kwanza ule myumbo, ndipo utazame simu, maana siku simu ikizimika jukwaani sikio bado unalo.

Basi nyuzi zikapatana. Sasa, wimbo wenyewe.

Wimbo ni safari ya mtoto aliyetumwa kisimani. Anaondoka nyumbani. Anafika kisimani. Anaporudi anapita njiapanda, na kutoka njiapanda anafika nyumbani. Ukisimamisha wimbo njiapanda, kila msikilizaji anahisi bado kuna kipande cha njia. Ukiusimamisha nyumbani, watu wanapiga makofi, wanajua umefika.

Nyumbani ni wapi, mjomba?

Sikiliza kwanza, vidole vitafuata. Imba wimbo mpaka mwisho. Ile sauti ya mwisho, ambayo ukiifikia huna hamu ya kwenda kwingine, hiyo ndiyo nyumbani mara nyingi. Ishike kinywani: mmmm. Kisha itafute kwenye uzi mnene, freti moja moja.

Watoto wa Vihingo wakafanya hivyo, huku wimbo unalia kwenye simu. Freti ya 3, sauti iko chini kidogo. Freti ya 4, imepita. Freti ya 3 tena, chini. Ya 4, imepita. Katikati hakuna freti!

"Gitaa bovu," akasema mmoja.

"Mimi si bovu," likasema gitaa. "Uliza wimbo huo ulipita wapi kabla ya kuingia kwenye simu yako."

Rekodi za zamani zilinaswa kwenye utepe, zikaenda kwenye santuri, nyingine zikahamia kwenye kaseti, ndipo zikafika kwenye simu. Mashine moja ikizunguka haraka kidogo, wimbo wote unapanda. Ikizunguka polepole, wimbo wote unashuka. Ndiyo maana wimbo wa zamani unaweza kuangukia katikati ya freti mbili. Wakati wa kujifunza, zikaze au zilegeze nyuzi zote sita kidogo mpaka zifuate rekodi. Ukishaujua wimbo, zirudishe mahali pake. Watoto wakakaza kidogo. Freti ya 3 ikakubali. Sauti ya freti ya 3 kwenye uzi mnene ni G. Nyumbani pakapatikana.

Sauti moja peke yake bado ni nyembamba. Sauti tatu au zaidi zikilia pamoja kwa mapatano, wanamuziki huita kodi. Kodi ya G ina G, B na D. Nyumbani pakiwa G, kisimani ni kodi ya C, na njiapanda ni kodi ya D. Malaika, kwa sehemu yake kubwa, unataka hizo tatu tu. Hizo tatu! Na nyimbo nyingi za dansi unazozisikia kwenye sherehe zinatembea kwenye njia hiyohiyo.

Tutajuaje sasa tuko kisimani au njiapanda?

Sikiliza besi. Usimsikilize mwimbaji, usisikilize gitaa la juu. Besi ndilo lile zito, linalosikika mpaka tumboni. Mara nyingi kodi inapobadilika, besi hugonga sauti ile iliyoipa kodi jina lake. Watoto wakagawana: mmoja akaimba besi peke yake, bum, bum, mwingine akaitafuta kwenye nyuzi nene, wa tatu akaandika kwenye daftari juu ya maneno ya wimbo. G hapa. C hapa. D hapa. Walipokosea, sauti ya mwimbaji na kodi zikasuguana, wakakunja nyuso, wakafuta. Daftari lile lilijaa alama za kufuta, na hivyo ndivyo linavyotakiwa kuwa.

Walipomaliza walifurahi. Lakini msichana wa kuimba hakufurahi. Kila alipofika kwenye sauti za chini, sauti yake ilipotea. Midomo inacheza, kitu hakisikiki.

"Ajikaze," wakasema wenzake.

"Asijikaze," likasema gitaa. "Nipandisheni mimi."

Nami hapo nasimama na gitaa. Siku ya mahafali rekodi haitakuwepo jukwaani. Atakuwepo yeye na koo lake, na gitaa ndilo linalopaswa kumfuata. Kwa hiyo watoto wakalipandisha. Wanamuziki hutumia kapo, kibanio kinachobana nyuzi zote kwa pamoja. Kapo ikiwa freti ya 2, vidole vinapiga umbo lilelile la G, lakini inayosikika ni A. Umbo la C linatoa D. Umbo la D linatoa E. Safari haijabadilika, ni nyumba tu iliyohamia kwenye kilima kidogo. Hawakuwa na kapo. Wakachukua penseli, wakailaza juu ya nyuzi nyuma ya freti, wakaifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, wakakaza sana. Ikashika! Msichana akajaribu freti ya 2, akajaribu ya 3, akajaribu ya 4. Kwenye ya 4 sauti za juu zikamkwaruza. Akarudi ya 2, akatabasamu. Basi ikawa ya 2.

Mjomba, lazima nyuzi ziwe E, A, D, G, B, E siku zote?

Si lazima. Wapigaji wengine wa Kongo walitoa uzi wa nne, wakaweka mwembamba mahali pake, wakaukaza mpaka ukatoa D ya juu zaidi. Mtindo huo huitwa mi-composé, na ndio unaofanya gitaa la kati liwe na mlio mwepesi, unaometameta juu ya besi. Ukiukopi wimbo wa namna hiyo kwa nyuzi za kawaida, kodi zako zinaweza kuwa sahihi kabisa na bado ukahisi kuna kitu kimepungua. Kilichopungua ni ule uzi. Kwa Malaika hawakuhitaji hayo, lakini nimewaambia ili siku mkikwama msijilaumu bure.

Na kama gitaa ni moja tu, litatosha ukumbi mzima? Litatosha. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, kule Kongo. Bosco alikuwa na gitaa moja. Kidole gumba kilitembea kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kikacheza kwenye nyembamba, na msikilizaji angeapa kwamba wapigaji ni wawili. Utafuteni wimbo wake Masanga, mfumbe macho, mhesabu vidole.

Magitaa yakiwa mawili, yasigombanie mahali pamoja. Bendi zetu za dansi zilijua hilo zamani: gitaa la solo lina kazi yake, rizimu lina kazi yake, besi lina kazi yake. Mlimani Park wakaongeza na second solo katikati. Sikilizeni pia Morogoro Jazz na Super Volcano za Mbaraka Mwinshehe, mfuate gitaa moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, kisha mrudie wimbo mfuate jingine. Mwalimu wao alipowaazimia watoto gitaa la pili, wakafunga penseli ya pili kwenye freti ya 7. Hapo umbo la D linatoa A, umbo la G linatoa D, umbo la A linatoa E. Kodi ni zilezile za gitaa la kwanza, lakini zinalia juu zaidi. Moja likaweka sakafu, jingine likaweka nuru.

Siku yenyewe ikawa ya jua kali. Jua likipiga nyuzi za chuma, chuma hutanuka, nyuzi hulegea, sauti hushuka. Gitaa lililopatana ndani ya darasa halitapatana uwanjani. Kwa hiyo watoto walitoka mapema, wakakaa palepale watakapopigia, wakasubiri gitaa lipate joto la hapo, ndipo wakalinganisha nyuzi. Freti ya 5, freti ya 5, freti ya 5, freti ya 4, freti ya 5. Halafu wakafunga penseli, wakalinganisha tena, maana penseli nayo huvuta nyuzi kidogo.

Mjomba, na nikisahau kodi katikati ya wimbo, watu wote wananitazama?

Mkono wa kulia usisimame. Huo ndio unaoshika mdundo, na mdundo ukiendelea wengi hawatajua. Bana nyuzi kidogo kwa kiganja ziwe zinagonga tu, cha, cha, cha, na usikilize besi iko wapi. Ukiisikia imerudi nyumbani, weka G yako, muendelee pamoja nayo. Msichana wa Vihingo alipofika ubeti wa pili, gitaa la kwanza lilipotea hivyohivyo. Likagonga cha, cha, cha, likamsubiri, likamkuta nyumbani.