Mgeni Huzoeaje Nchi Mpya?

Mtu akihamia nchi nyingine, miguu hufika kwanza. Moyo hufika baadaye. Tueleze jambo hili, maana wageni tunaishi nao vijijini, na pengine hatuwaelewi.

Mwaka 1972 watu wengi sana waliuawa nchini Burundi. Maelfu walikimbilia Tanzania. Walipewa ardhi Ulyankulu na Katumba, na kuanzia mwaka 1978, Mishamo. Wakafyeka msitu, wakalima. Ukiwatazama, wamezoea. Je, moyoni?

Mzigo wa moyo

Mwanzoni mgeni hushukuru kwamba amepona. Baadaye uchovu humjia. Lugha haijui vizuri. Salamu ni nyingine, chakula ni kingine. Hata kuuliza bei sokoni ni kazi. Kwao alikuwa mzee wa kusikilizwa. Sasa anasahihishwa na mwanawe anayejifunza Kiswahili shuleni. Basi hukosa usingizi, hukasirika upesi, au hujitenga. Majirani husema, "Huyu ana maringo." Kumbe si maringo, ni mzigo wa moyo. Si wote wanaoupata, wala hauishi kwa wote kwa muda mmoja.

Njia nne

John Berry, mtaalamu wa saikolojia wa Kanada, alieleza kwamba mgeni ana maswali mawili. Je, nishike mila zangu? Je, nichanganyike na wenyeji? Majibu yake huleta njia nne:

1. Huacha mila zake, akafuata za wenyeji.
2. Hushika mila zake, akajitenga na wenyeji.
3. Hupoteza mila zake, na kwa wenyeji pia hayumo.
4. Hushika mila zake, na huku anachanganyika na wenyeji.

Mara nyingi wa nne hupata nafuu zaidi, na wa tatu huumia zaidi. Wazee wetu walisema, "Mwacha mila ni mtumwa." Wakasema pia, "Ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba lako." Methali hizi hazigombani. Mgeni anazihitaji zote mbili.

Mgeni hachagui peke yake

Mwaka 1985 na 1986 mtaalamu Liisa Malkki aliwachunguza Warundi wa Mishamo na wa mjini Kigoma. Mishamo waliishi peke yao, na kutoka kulihitaji kibali. Walisimuliana daima habari za kwao, wakajiona taifa lililo uhamishoni. Mjini Kigoma wenzao waliishi pamoja na wenyeji, na wengi hawakutaka kuitwa wakimbizi. Watu ni wale wale, lakini mahali palikuwa mbalimbali.

Baadaye Tanzania iliwakubalia uraia zaidi ya watu 160,000 kati ya wakimbizi wa mwaka 1972 na watoto wao. Vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Cheti hutolewa na serikali. Ujirani hutolewa na sisi.

Tufanye nini?

Tumsalimie mgeni, na tujifunze salamu ya kwao. Tusicheke Kiswahili chake. Tumwalike arusini, msibani na mkutanoni, na tumpe nafasi ya kusema. Akiimba nyimbo za kwao, tusidhani anatukataa.

Tunasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wengi hudhani methali hii ni ya kumkemea mvivu. Lakini aliyepewa jembe amepewa na nafasi katika mstari wa walimaji. Hapo si mgeni tena.